Upele wa nepi usiopona: kabla ya kubadili krimu tena, angalia mikunjo

*"Daktari, binti yangu ana miezi minane. Wiki tatu zilizopita aliugua kifua akapewa antibiotiki za siku saba. Akaharisha, na makalio yakaanza kuchubuka. Duka la dawa wakanipa krimu ya 'tatu kwa moja'. Nikipaka, siku mbili anakuwa nafuu. Nikiacha, upele unarudi, na sasa umeingia hadi kwenye mikunjo ya mapaja na una vipele vidogo vidogo pembeni. Kila nikimbadilisha namwosha kwa sabuni ya dawa, kisha nampaka poda ili akauke. Mama mkwe anasema ni meno. Rafiki yangu anasema ni nepi za kutupa zinamuunguza, nirudi kwenye vitambaa. Mtoto analia nikimgusa tu, hadi naogopa kumbadilisha. Nakosea wapi? Na zile sehemu zilizobaki nyeupe, rangi yake itarudi?"*

Pole sana, mama. Nianze kwa kukutoa hofu ambayo hukuiandika lakini naisikia ndani ya swali lako: upele huu hautokani na uchafu wala uzembe wako. Wewe unamsafisha mtoto vizuri, tena kupita kiasi, na hilo nitalirudia mbele kidogo. Karibu kila mtoto anayevaa nepi hupata upele wa aina hii angalau mara moja, na miezi ambayo hutokea zaidi ni kati ya wa tisa na wa kumi na mbili, umri ambao binti yako anaukaribia.

Siwezi kumpima mtoto kwa maandishi. Hata hivyo maelezo yako yamekamilika kiasi cha kunionyesha mambo matatu yaliyofuatana. Kwanza ngozi iliunguzwa na kuharisha. Kisha fangasi wakaingia juu ya ngozi iliyokwisha kuchubuka. Halafu krimu uliyopewa ikawa inaficha tatizo badala ya kulimaliza. Kila moja lina tiba yake, na ndiyo maana hutafanikiwa kwa kubadilisha krimu peke yake.

Tuanze na lile la kwanza, kwa sababu ukilielewa utajua kwa nini kila kitu ninachokuomba ufanye kinafanyika. Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa kwa seli zilizokufa na kukauka, zikashikanishwa na mafuta. Likiwa kavu ni imara. Likilowa kwa muda mrefu linavimba na kulainika, kama vidole vyako baada ya kufua nguo nyingi. Ngozi iliyolainika hivyo huchubuka kwa msuguano mdogo tu wa nepi wakati mtoto anatambaa au anapiga miguu, na kupitia michubuko hiyo vitu ambavyo kwa kawaida visingepenya vinaingia.

Vitu vyenyewe ni vipi? Watu wengi hudhani ni mkojo. Kwa miaka mingi hata sisi wahudumu wa afya tulifundishwa kwamba amonia ya kwenye mkojo, ile harufu kali ya nepi ya asubuhi, ndiyo inayounguza. Leo tunajua kwamba mkojo peke yake juu ya ngozi nzima haufanyi madhara makubwa. Shida inaanza unapokutana na kinyesi. Bakteria waliomo kwenye kinyesi huigeuza yurea ya mkojo kuwa amonia, na amonia hiyo inaondoa uchachu wa kawaida wa ngozi. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH yake, yaani kipimo cha uchachu, ni kama 5.5. Uchachu huo ukipungua, vimeng'enya vya kinyesi vilivyokuwa vimetulia vinaamka. Hivi ni vimeng'enya vilevile vinavyosaga protini na mafuta ya chakula tumboni. Vikikaa juu ya ngozi iliyolowa, vinaanza kusaga ngozi yenyewe. Mtoto anapoharisha, chakula kinapita haraka na vimeng'enya hivyo, pamoja na chumvi za nyongo, vinatoka vikiwa bado na nguvu nyingi. Ndiyo maana kuharisha kwa siku moja kunaweza kumchubua mtoto ambaye kwa miezi hajawahi kupata kipele. Na ndiyo maana watoto wanaonyonya maziwa ya mama peke yake hupata upele mdogo zaidi: kinyesi chao kina uchachu zaidi, na vimeng'enya vyake havichangamki sana.

Upele wa namna hii una mahali pake. Unakaa pale nepi inapogusa na kusugua: makalio, upande wa ndani wa mapaja, chini ya kitovu, sehemu ya nje ya uke, au korodani kwa mtoto wa kiume. Ndani ya mikunjo, pale paja linapokutana na kinena, ngozi kwa kawaida inabaki salama, kwa sababu nepi na kinyesi havifiki sana. Kwa hiyo ninapompima mtoto, kitu cha kwanza ninachofanya ni kumfungua miguu taratibu na kuangalia mikunjo. Fanya hivyo nyumbani, kwenye mwanga wa mchana. Sehemu hiyo itakueleza mengi kuliko ukubwa wa upele au kelele za kilio.

Hapa niseme neno kuhusu rangi, kwa sababu maelezo mengi ya upele wa nepi huzungumzia wekundu tu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane. Utakachoona ni ngozi iliyokolea rangi, ya kahawia nzito au yenye uzambarau, wakati mwingine ya kijivu, na inayong'aa kana kwamba imepakwa mafuta. Weka mgongo wa kidole chako: pana joto kuliko ngozi ya jirani. Mtoto anavuta miguu ukimgusa. Hizo ni dalili kamili, usisubiri aive kama nyanya ndipo uamini.

Sasa fangasi. Fangasi huyu anaitwa kandida, na huishi ndani ya utumbo wa watoto wengi bila kuwasumbua. Kinachomzuia asitawale ni bakteria wema wanaoishi naye humo. Antibiotiki ulizompa zilifanya kazi yake kifuani, lakini zilipopita tumboni ziliua na hao wema. Kandida akapata nafasi, akatoka kwa wingi kwenye kinyesi, akakuta ngozi iliyolowa, yenye joto, iliyofunikwa, na tayari imechubuka. Hakuna mazingira anayoyapenda kuliko hayo. Sisemi kwamba ulikosea kumpa dawa ya kifua; kama ilihitajika, ilihitajika. Nasema tu kwamba mtoto akipewa antibiotiki siku nyingine, anza kumpaka mafuta ya kinga kwenye makalio siku ileile ya kwanza, kabla upele haujatokea.

Upele wa kandida unatofautiana na ule wa kwanza kwa mambo mawili ambayo umeyataja mwenyewe bila kujua uzito wake. Unaingia ndani kabisa ya mikunjo, na pembeni ya eneo kubwa lililoiva kunatawanyika vipele vidogo vidogo, vingine vina ncha ya usaha au vinabambuka ngozi kwa mzunguko. Kingo zake mara nyingi zinaonekana wazi. Kuna na kigezo cha muda: upele wa nepi uliotunzwa vizuri kwa siku tatu bila kupata nafuu, hata kama mikunjo haijaguswa, unastahili kushukiwa kuwa na fangasi. Wako una wiki tatu.

Mwangalie na mdomoni. Utando mweupe kwenye ulimi au ndani ya mashavu ambao haufutiki kirahisi kwa kitambaa safi chenye unyevu, kama yanavyofutika maziwa, ni kandida huyohuyo. Akiwa nao atahitaji dawa ya matone ya mdomoni, vinginevyo utatibu huku chini na yeye atakuwa anapandikiza upya kila anapomeza. Na kama unanyonyesha na chuchu zako zinachoma, zinawasha au ngozi yake inabambuka, mweleze mhudumu wa afya ili mtibiwe wote wawili kwa pamoja.

Nije kwenye krimu ya tatu kwa moja, na hapa naomba unisome taratibu, kwa sababu ndilo jambo linalonisumbua zaidi katika barua yako. Krimu hizi huwa na dawa tatu ndani ya bomba moja: ya kuua bakteria, ya kuua fangasi, na steroidi. Hiyo steroidi ndiyo inayofanya uone ajabu ndani ya siku mbili. Kazi yake ni kuzima mwitikio wa mwili, yaani uvimbe, joto na wekundu. Fangasi haimfanyi lolote. Kwa kweli inadhoofisha kinga ya ngozi inayopambana naye. Ni kweli ndani ya bomba hilo kuna na dawa ya fangasi, lakini wewe, kwa haki kabisa, ukiona ngozi imetulia unaacha, wakati dawa ya fangasi ilihitaji siku nyingi zaidi. Fangasi anabaki, steroidi inaisha, moto unawaka upya na mpana zaidi. Mzunguko ulionieleza wa nafuu, kurudi, nafuu, kurudi, ndivyo unavyozaliwa.

Kuna hatari nyingine. Steroidi iliyomo kwenye krimu nyingi za mchanganyiko, mara nyingi betamethasoni au klobetasoli, ni ya nguvu kubwa, iliyokusudiwa ngozi ngumu ya mtu mzima. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, na ile ya kinena ni nyembamba zaidi. Ukiifunika kwa nepi, joto na unyevu vinaisukuma dawa ndani mara nyingi zaidi ya inavyoingia ikiachwa wazi. Ikiendelea kwa wiki nyingi, ngozi hupauka na kuwa nyembamba, hutokea michirizi isiyofutika, na dawa inayoingia kwenye damu inaweza kuzilaza tezi zilizo juu ya figo, zile zinazotengeneza homoni ya kumsaidia mtoto kukabili ugonjwa. Sikutishi: kwa matumizi ya kuanza na kuacha ndani ya wiki tatu, madhara hayo makubwa si ya kutarajiwa. Lakini usiipake tena. Chukua bomba lenyewe uende nalo kliniki wiki hii, ili daktari asome majina ya dawa zilizomo na kujua umepaka mara ngapi kwa siku. Na uwe tayari kwa jambo moja: siku mbili tatu za kwanza baada ya kuacha, ngozi inaweza kuwaka kuliko ilivyokuwa. Hilo lisikurudishe kwenye bomba.

Si kwamba steroidi haina nafasi kabisa. Daktari anaweza kuandika haidrokotisoni ya asilimia 1, ambayo ni dhaifu, ipakwe kidogo sana kwa siku chache ngozi ikiwa imevimba mno, pamoja na dawa ya fangasi. Huo ni uamuzi wa aliyemwona mtoto, wenye mwanzo na mwisho unaojulikana.

Kuhusu meno, namheshimu mama mkwe, na naelewa kwa nini anasema hivyo: meno huanza kuota katika umri uleule ambao upele na kuharisha vimepamba moto. Lakini jino linalotoka halimharishi mtoto na halimchubui makalio. Umri huo ndio mtoto anaanza vyakula vipya, anatambaa, anaokota kila kitu na kukitia mdomoni. Kuharisha kunatoka huko. Ubaya wa kusema "ni meno" ni kwamba tunasubiri jino litoke huku mtoto anaendelea kupoteza maji na ngozi inaendelea kuliwa.

Na nepi za kutupa? Rafiki yako ana nia njema, ila kwa jumla mambo yako kinyume. Nepi za kisasa zina chembechembe zinazonyonya mkojo na kuugeuza kuwa ute mzito, hivyo ngozi hubaki kavu kuliko kwenye kitambaa kilicholowa. Udhaifu wake ni kwamba zinatudanganya: kwa nje zinaonekana kavu, basi mtoto anaachwa nayo saa tano au sita. Kama unapenda nepi za kitambaa au ndizo unazozimudu, zitumie bila wasiwasi, mradi zibadilishwe kila zinapolowa, zifuliwe kwa maji ya moto, zisuuzwe hadi povu liishe kabisa, zisiwekwe dawa za kulainisha nguo, na usivalishe juu yake chupi ya plastiki kwa kipindi hiki cha kuuguza. Mara chache mtoto huwa na mzio halisi wa kitu kilichomo kwenye nepi, rangi, manukato au mpira wa pembeni. Hapo upele huonekana kiunoni na kuzunguka paja, kwa umbo la ukingo wa nepi. Hukueleza kitu kama hicho.

Poda iweke kabatini. Ndani ya mikunjo inashikana na jasho na kuwa vidonge vidogo vinavyosugua, na vumbi lake mtoto analivuta puani hadi kwenye mapafu. Poda ya talki hasa imewahi kuwaumiza watoto vibaya kwa njia hiyo. Sabuni ya dawa nayo iache leo. Inaondoa mafuta ya ngozi na uchachu wake, yaani ile kinga niliyoieleza juu, na fangasi haifi kwa sabuni. Usipake pia magadi soda wala unga wa boriki, hata ukishauriwa na mtu unayemwamini. Vinapenya ngozi iliyochubuka na vinaweza kumdhuru mtoto ndani ya mwili. Wengine hupaka maziwa ya mama. Kwa mchubuko mdogo hayana ubaya na huenda yakatuliza, lakini kandida hayamwondoi.

Basi tuseme nini cha kufanya kuanzia leo.

Mbadilishe mara nyingi kuliko unavyodhani inahitajika: mchana kila saa mbili hivi, na mara tu anapopata choo, bila kusubiri saa. Usiku mwamshe au mbadilishe angalau mara moja hadi ngozi ipone. Akiwa amekojoa tu, huhitaji kumsugua. Kausha kwa kugusa-gusa. Akipata choo, tumia maji ya uvuguvugu, umwagie kwa kikombe au chupa ndogo, au umkalishe kwenye beseni dakika chache. Maji yanayotiririka hayamuumizi kama mkono unaopangusa, na nina hakika kilio cha kubadilishwa kitapungua kwa hilo peke yake. Pakihitajika sabuni, iwe kidogo, ya kawaida, isiyo na manukato. Waipsi ziache hadi apone. Baadaye chagua zisizo na manukato wala spiriti. Kwa kuwa ni binti, kila ufutaji utoke mbele kwenda nyuma.

Kisha mkaushe. Usisugue taulo. Gusa-gusa kwa kitambaa laini cha pamba, fungua mikunjo na uikaushe pia, halafu mwache bila nepi. Dakika kumi au kumi na tano, mara tatu nne kwa siku, juu ya taulo au khanga iliyokunjwa, uchi kabisa kuanzia kiunoni. Atakojoa, ndiyo, hilo ni la kufua tu. Hewa ndiyo dawa ambayo haiuzwi na ambayo hakuna krimu inayoweza kuchukua nafasi yake. Usitumie mashine ya kukaushia nywele, inaunguza.

Baada ya hapo dawa ya fangasi, na hii nataka aliyemwona mtoto athibitishe: klotrimazoli ya asilimia 1, mikonazoli, au nistatini, ya aina moja tu ndani ya bomba, isiyochanganywa na chochote. Soma kwenye boksi. Ukiona jina la pili linaloishia na "-soni" au "-soli" kama yale mawili niliyoyataja juu, irudishe. Inapakwa nyembamba mara mbili hadi tatu kwa siku kadiri ya maelekezo, ikipita ukingo wa upele kidogo ili ivifikie vile vipele vya pembeni. Unaosha mikono kabla na baada. Na usiache ngozi inapotulia. Endelea siku kadhaa baada ya upele kuisha machoni. Kwa kawaida safari yote ni wiki moja hadi mbili. Kosa la kuacha mapema ndilo linalowarudisha watu wengi kliniki na upele uleule.

Juu ya dawa hiyo, na katika kila ubadilishaji mwingine, paka kinga. Nzuri zaidi kwa ngozi iliyochubuka ni marhamu nzito yenye zinki oksaidi, kati ya asilimia 10 na 40. Usipoipata, mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na harufu, yanafanya kazi nzuri sana. Siri iko kwenye unene. Wengi hupaka kama losheni, wakasugua hadi ikapotea. Hapo hakuna kinga. Ipake nene hadi usione ngozi iliyo chini yake, kwa sababu kazi yake si kuingia ndani bali kukaa katikati ya ngozi na kinyesi. Na mtoto anapopata choo, ondoa tabaka la juu tu lililochafuka. Lile safi lililobaki chini liache, ongeza jingine juu. Kulikwangua lote kila mara ndiko kunakochubua upya ngozi iliyokuwa imeanza kufunga. Likigandamana sana, lilainishe kwa pamba yenye mafuta ya mtoto badala ya kusugua kwa maji.

Nepi yenyewe usiikaze. Ongeza saizi yake kidogo kwa wiki hizi mbili, ili hewa ipite na vidole vyako viwili viingie kiunoni bila kulazimisha.

Ukifanya hivi, mtoto anatakiwa kuonyesha nafuu ndani ya siku mbili tatu: analia kidogo, joto la ngozi linapungua, vipele vipya havitokei. Kupona kabisa ni polepole zaidi. Kama wiki imekwisha ukiwa umefuata yote na hakuna kilichobadilika, usiongeze krimu nyingine. Rudi apimwe upya, kwa sababu kuna magonjwa mengine yanayojificha chini ya nepi. Pete ya wekundu mkali kuzunguka tundu la choo, yenye ukingo ulionyooka, na mtoto anayejikunja kwa maumivu au kutoa choo chenye michirizi ya damu, huwa ni bakteria aitwaye streptokoka, na anahitaji antibiotiki. Krimu ya fangasi haitamgusa. Upele unaotokea kwa pamoja kwenye makalio, kuzunguka mdomo na kwenye vidole, huku nywele zinapukutika na mtoto anaharisha, hutufanya tufikirie upungufu wa zinki mwilini, na hutibika vizuri ukigunduliwa. Nyumba nzima ikijikuna usiku, tunatafuta upele wa kuambukiza, ule wa wadudu. Pumu ya ngozi na soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa magamba, nazo huonekana hapo. Na kandida anayerudi na kurudi, hasa akiwa na mdomoni, kwa mtoto asiyeongezeka uzito, ni sababu ya kuchunguza kinga yake ya mwili. Silitaji hilo kukupa hofu. Ni uchunguzi ambao ukifanyika mapema humsaidia mtoto sana.

Yapo ya kutosubiri hata siku moja. Mpeleke hospitali leo kama ana homa ya nyuzi 38 au zaidi, kama kuna malengelenge, usaha, ukoko wa rangi ya asali, au vidonda vinavyotoa damu. Vivyo hivyo kama ngozi imevimba, ni ngumu na ina joto linaloenea haraka, kama kuna madoa ya zambarau yasiyofifia ukiyabonyeza, au kama mtoto amelegea, hataki kunyonya, au nepi zimekaa kavu kwa saa nyingi huku bado anaharisha. Kwa msomaji mwingine mwenye mtoto wa chini ya miezi mitatu: homa katika umri huo ni dharura, iwe kuna upele au hakuna.

Umeuliza mwisho kuhusu zile sehemu nyeupe. Ngozi iliyopitia moto hupoteza mpangilio wa rangi kwa muda. Kwa watoto wenye ngozi nyeusi huonekana wazi zaidi, mahali pengine pakiwa peupe na pengine peusi kupita kawaida. Steroidi nayo inaweza kuwa imeongeza weupe huo, sababu nyingine ya kuiacha. Maadamu ngozi ni laini, haijabonyea wala kung'aa kama karatasi, rangi hurudi yenyewe, kwa wiki kadhaa hadi miezi michache. Usipake chochote cha kuiharakisha. Mwonyeshe daktari sehemu hizo siku utakayompelekea lile bomba, na kama baada ya miezi sita bado ziko vilevile, au zinaongezeka mahali ambapo upele haujawahi kufika, omba aonwe na mtaalamu wa ngozi.